Umeme ukirudi saa nane usiku, nani anaiwasha seva? Proxmox na wenzake kwenye kompyuta ya mtumba

Wakuu, nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka asimalize bando bure. Kama una kompyuta ya mezani ya mtumba na unataka ikae kwenye kona, iendeshe mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja) mbili tatu usiku na mchana bila mtu kuigusa, weka Proxmox VE, mfumo unaochukua kompyuta nzima kwa kazi hiyo, ukalale. Kama una laptopu moja tu, na ndiyo hiyo ya kazi, ya filamu na ya mtoto kufanyia kazi za shule, Proxmox si yako. Baki na mfumo ulionao, ongeza VirtualBox, programu ya kuendeshea mashine pepe, juu yake. Na kama hiyo laptopu ina Windows 11 na RAM ya GB 8, hamia Linux kwanza, habari za mashine pepe zifuate. Yanayofuata hapa ni sababu zangu pamoja na malalamiko, maana hakuna hata mmoja kati ya hawa ambaye hajaniudhi.

Mimi ni fundi wa Mafiati, hapa Mbeya mjini. Asubuhi napiga Windows za watu na kufungua printa zilizomeza karatasi, mchana navuta kebo maofisini kuanzia Kabwe hadi Uyole, jioni nina vijana wanaokuja kujifunza Linux na mitandao, wengi wao wa chuo, MUST kule Iyunga. Vijana ndio walioniingiza kwenye mambo haya. Kila mmoja anataka seva yake ya kuharibu, airudishe ilivyokuwa, halafu aiharibu tena. Huwezi kumnunulia kila mmoja kompyuta. Unanunua moja yenye kifua, unaigawa.

Swali linalonijia kila mara ni hili: "Fundi, kompyuta mwenyeji niiwekee mfumo gani?" Mwenyeji ni ile kompyuta halisi, mgeni ni kila mashine pepe iliyo ndani yake. Na anayeuliza karibu kila mara anawaza kasi. Kasi si mahali pa kugombania tena. Tangu Intel walete VT-x mwaka 2005, AMD nao wakaja na AMD-V mwaka 2006, kazi nzito ya kumwendesha mgeni inafanywa na prosesa yenyewe. KVM, ambayo ndiyo injini iliyo ndani ya Proxmox, iliingia kwenye kerneli (kiini) ya Linux toleo la 2.6.20 mwanzoni mwa 2007, na yenyewe pamoja na Hyper-V ya Microsoft na VMware zote zinaegemea uwezo huohuo wa prosesa. Kwa kazi za ofisi na za darasani, tofauti utaiona ukipima kwa programu maalumu. Kwa macho huioni.

Huku kwetu tofauti iko kwingine. Iko kwenye umeme, kwenye kiasi ambacho mwenyeji anakula kabla hajamkaribisha mgeni, na kwenye aina ya intaneti uliyonayo. Mimi napimia hapo.

Ila kabla ya yote ingia BIOS, ile mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka. Kompyuta za mtumba zinazopanda kutoka Dar hunifikia VT, ule uwezo wa prosesa, ikiwa imezimwa, na dalili yake ni ya kuchekesha: unafungua VirtualBox, unataka kutengeneza mgeni wa biti 64, orodha inakupa za biti 32 peke yake. Watu wanafuta programu, wanaipakua upya, wanailaumu laini ya simu. Kumbe ni swichi moja tu kwenye BIOS, ipo chini ya jina la virtualization. Iwashe, hifadhi, zima kabisa, washa.

Mashine yangu ni Dell OptiPlex 7060 yenye i5-8500, kori sita, nikaijaza RAM ikafika GB 32 na kuna nafasi ya kwenda 64, nikatupa diski ya kuzunguka na kuweka SSD mbili. Gharama yote haikufika bei ya laptopu mpya ya wastani. Na siku hizi ukiwa mjanja unapata nafuu zaidi, kwa sababu Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inadai prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Kwa hiyo zile za kizazi cha sita na cha saba wauzaji wanataka kuziondoa mezani. Proxmox haina ubaguzi huo. Kizazi cha sita chenye RAM ya kutosha na SSD ni mwenyeji mzuri kabisa.

Proxmox yenyewe inatoka Vienna, Austria. Toleo la kwanza lilitoka 2008, imejengwa juu ya Debian, ni programu huria chini ya leseni ya AGPL, na toleo la 9 la Agosti 2025 limekaa juu ya Debian 13. Faili la kusakinishia ni zaidi ya GB moja. Mimi nililishusha kwa bando la usiku, nikaliandika kwenye flashi. Usakinishaji ni wa dakika chache, unauliza diski, eneo, nywila na anwani ya mtandao, basi. Halafu inawaka, na unachokiona kwenye kioo ni maandishi meupe kwenye weusi yanayokupa anwani inayoishia na 8006. Hakuna eneo la kazi la kubofyabofya, hakuna picha ya mlima. Kijana wangu wa dukani aliikaa mbele yake akingoja iendelee kuwaka. Unatakiwa uinuke, uende kwenye kompyuta nyingine, uandike ile anwani kwenye kivinjari, ukubali onyo la cheti, ndipo uone ukumbi wenyewe. Kuanzia hapo unaweza kuchomoa kioo na kibodi ukaviuza.

Kero ya kwanza inakupokea mlangoni: kila ukiingia, kidirisha kinakuambia huna usajili halali. Vijana wapya huogopa, wanauliza kama tumeiba. Hatujaiba. Programu ni ya bure kwa vipengele vyake vyote, usajili unalipia msaada na hazina ya masasisho yaliyopimwa zaidi. Ila usiposajili, ile hazina ya kulipia inakuwa tayari imewekwa, na ukiagiza masasisho unapigwa kosa la 401. Nenda kwenye ukurasa wa hazina za programu uzime hiyo ya kulipia, uongeze ya wasiosajili. Ni mibofyo michache, lakini nimewahi kuitwa ofisini kwa mtu kwa jambo hilo tu na nikalipwa nauli.

Sasa umeme, maana hapa ndipo Proxmox iliponinunua. Mvua huku zinaanza Novemba zinafika Aprili, wakati mwingine Mei, na radi za upande wa Rungwe hazina adabu. Umeme unakatika saa sita usiku, unarudi saa nane, wewe umelala zako Iwambi. Asubuhi mteja anafungua duka na anataka kutoa risiti. Mashine ya hesabu imeshawaka yenyewe, au inamsubiri fundi apande daladala?

Jibu linaanzia BIOS tena. Kwenye Dell kuna kipengele kinaitwa "AC Recovery", kiweke kwenye "Power On". Umeme ukigusa tu, mashine inawaka bila kubonyezwa. Kisha ndani ya Proxmox kila mgeni ana kisanduku cha kuwaka pamoja na mwenyeji, na nafasi ya kumpa namba ya zamu na sekunde za kusubiri. Kwangu linatangulia kontena dogo (nitalieleza chini) linalogawa anwani na majina ya mtandao, linapewa sekunde sitini lijikusanye, ndipo Windows ya hesabu ifuate. Mashine za vijana sizipi zamu. Mwenye shida nayo atakuja kuiwasha mwenyewe.

Hiyo ni kurudi. Kuzimika ndiko kugumu zaidi. UPS, zile betri za kushikilia kompyuta umeme ukikatika, nyingi za bei ya chini hazina tundu la USB upande wa nyuma, kwa hiyo zinashika umeme lakini haziwezi kuiambia kompyuta "jamani nimebakiza kidogo." Ukinunua, geuza boksi uangalie tundu hilo kabla ya kuuliza bei. UPS yenye USB unaiunganisha na mwenyeji, unasakinisha NUT, ambayo kazi yake ni kusikiliza UPS na kuagiza kuzima kwa utaratibu. Proxmox nayo inawapigia wageni hodi mmoja mmoja wajifunge.

Hapa kuna mtego ambao kwenye maelezo mengi wanauruka. Proxmox kwa kawaida inampa kila mgeni hadi sekunde 180 za kujizima. Dakika tatu! Kama mgeni ni Windows na ameamua kumalizia masasisho yake wakati huohuo, na betri ya UPS ni ile ndogo ya volti 12 iliyokwisha kuchoka, hizo dakika tatu huna. Mimi nimepunguza hadi sekunde sitini, nimemwekea kila mgeni ile programu ndogo ya wakala wa QEMU ili amri ya kuzima imfikie sawasawa hata kama kioo chake kimefungwa, na nimeiambia NUT ianze kuzima mapema, isisubiri betri ifike mwisho. Tangu hapo mgeni wa Windows akiamka haleti tena ile skrini ya kukagua diski.

Na tafadhali, kwenye mipangilio ya diski ya mgeni kuna namna ya uandishi inayoitwa "Writeback (unsafe)". Imeandikwa wazi kuwa si salama, na bado kuna watu wanaiweka kwa sababu wamesoma mahali kuwa inaongeza kasi. Inaongeza kweli, kwa kumdanganya mgeni kuwa data imeshaandikwa wakati bado iko hewani. Kwa umeme wetu huo ni mkopo wa riba. Iache ilivyokuja.

Kuhusu ulaji. Waliotengeneza wanasema itengee GB 2 kwa ajili ya mfumo na huduma zake, zinazobaki ni za wageni, na kwa niliyoyaona hawadanganyi. Kwenye GB 32 maana yake una thelathini za kugawa. Zaidi ya hapo kuna makontena ya LXC, ambayo hayabebi kerneli yake mwenyewe, yanatumia ya mwenyeji. Kijana anayejifunza seva ya wavuti hahitaji mashine pepe nzima; kontena la Debian lenye MB 512 linamtosha na linawaka kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Kiolezo chake unakishusha kwa megabaiti mia na kidogo, kisha unakitumia kwa darasa zima bila kugusa bando tena. Kwa mtu anayenunua intaneti kwa vocha hili si jambo dogo.

Angalizo kwa wapenda ZFS: ni mfumo mzuri wa faili, ninautumia kwenye zile SSD mbili ili moja ikifa nyingine ibaki, lakini una tamaa ya RAM. Kisakinishaji cha matoleo ya karibuni kinauwekea kikomo chenyewe. Kwenye mashine uliyoisakinisha zamani angalia kwa mkono. Mwenye diski moja na RAM ya GB 16 asijisumbue nao, akubali ule mpangilio wa kawaida wa LVM. Huo nao una lake: unakuruhusu kuahidi diski kubwa kuliko uliyonayo. Unawapa vijana watano GB 100 kila mmoja kwenye SSD ya GB 250, na inakubali bila kukunja uso, kwa kuwa inahesabu kilichoandikwa tu. Siku wakijaza kweli, wageni wanasimama ghafla na pembetatu ya njano inatokea kwenye orodha. Weka alama kwenye kisanduku cha "Discard" ili wakifuta vitu nafasi irudi, na uwe unapitisha jicho kwenye kile kipimo cha diski.

Kwa Windows kama mgeni kuna jambo la kujiandaa. Ukichagua diski ya aina ya VirtIO SCSI, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine pepe na ndiyo yenye kasi, kisakinishaji cha Windows kitafika mahali pa kuchagua diski kikuonyeshe ukurasa mtupu. Diski ipo. Anachokosa ni draiva. Pakua mapema lile faili la ISO la draiva za VirtIO, liweke kama CD ya pili, bofya pa kupakia draiva, ingia folda ya vioscsi, chagua toleo lako la Windows, diski inatokea. Ukiwa hapohapo pakia na NetKVM, ya kadi ya mtandao, kwa sababu Windows 11 baadaye inadai intaneti katikati ya usakinishaji, na bila hiyo draiva utakaa unatazamana nayo.

Sifa zimetosha. Kasoro kubwa ya Proxmox, na kwa huku ni kubwa kweli, ni Wi-Fi. Proxmox imejengwa kwa kuamini kuwa una kebo ya mtandao. Wageni wake wanapita kwenye daraja, yaani kiungo cha kuwaingiza moja kwa moja kwenye mtandao, juu ya kadi ya kebo, na daraja hilo juu ya Wi-Fi kwa kawaida halifanyi kazi, maana kituo cha Wi-Fi kinatambua anwani ya kadi moja na kinakataa pakiti za wageni wasiojulikana. Sasa ofisi ngapi Mbeya, Makambako, Tukuyu, intaneti yao ni kile kirauta cha mfukoni chenye laini ya simu, kisicho na tundu hata moja la kebo? Unaweza kuzunguka kwa NAT, yaani wageni wote kujificha nyuma ya anwani ya mwenyeji, ukaandika mafaili kwa mkono, lakini si kazi ya kumwachia mteja. Nunua rauta ya laini ya simu yenye matundu ya kebo, au usiiguse Proxmox.

Niwape kazi moja halisi. Kuna mama ana duka la pembejeo Uyole. Programu yake ya stoo ni ya zamani, ya Windows tu, aliyeitengeneza hapatikani, na kila nilipoijaribu kwenye Windows 11 iligoma. Ilikuwa inaishi kwenye kompyuta yenye diski iliyoanza kulia. Nilichofanya ni kuihamisha nzimanzima: Disk2vhd, kiprogramu kidogo cha bure cha Microsoft, kinaigeuza diski iliyo hai kuwa faili, faili unalibeba kwenye diski ya nje, Proxmox inalimeza kwa amri moja. Mara ya kwanza liwashe kama diski ya SATA, maana Windows iliyohama bado haina draiva za VirtIO. Ukishazisakinisha ndani ndipo unabadilisha. Leseni ikabidi inunuliwe upya, kwa kuwa ya mwanzo ilikuja imefungwa na ile kompyuta ya zamani.

Nilipomaliza kuifunga chini ya kaunta:

"Mwanangu, hiki kidude mbona hakina kioo? Nitajuaje kama kinafanya kazi?"

"Mama, ukifungua stoo hapo kwenye kompyuta yako ikafunguka, ujue kinafanya kazi."

"Na isipofunguka?"

"Unanipigia, mama."

"Haya. Lakini usiwe unazima simu Jumapili. Wakulima wa viazi hawana Jumapili."

Ile Windows 10 yake nimeifungia nje ya intaneti kabisa. Ukuta wa moto wa Proxmox unairuhusu kuongea na kompyuta za kaunta, basi, kwa kuwa haipati tena viraka vya usalama. Kila usiku saa tano bakapu inajiandika kwenye diski ya nje. Faili hilohilo nililileta Mafiati, nikalirejesha kwenye mashine yangu, likawaka, stoo ikaonekana mpaka mauzo ya jana yake. Ukitaka kujua kama mwenyeji wako ni mzuri, fanya jaribio hilo kabla ya mengine yote. Mama alinilipa na juu yake akaniongezea debe la viazi. Ndaga, mama.

Kuhusu wengine nitakuwa mfupi.

VirtualBox naipenda kwa sababu ndiyo mlango wa wengi. Ilianzia kwa Wajerumani wa Innotek, ikapita kwa Sun mwaka 2008, ikaishia Oracle mwaka 2010, na mpaka leo unaiweka juu ya Windows au Linux kama programu nyingine yoyote. Inakubali hata daraja juu ya Wi-Fi. Kwa kujifunzia, hakuna rahisi zaidi. Lakini juu ya Windows 11 tazama chini ya dirisha la mgeni: ukiona kobe wa kijani, ujue Hyper-V imeshashika prosesa, kwa sababu ya WSL (ile Linux ya ndani ya Windows) au ya ule ulinzi wa kumbukumbu wa Windows, na VirtualBox imebaki kuchechemea juu yake. Tena Windows ikijisasisha usiku ikajiwasha upya, wageni wa VirtualBox wanabaki wamelala mpaka mtu aje aingize nywila, usipokuwa umeipangia huduma ya ziada. Kwa seva ya ofisi hilo peke yake linaiondoa. Na kile kifurushi chake cha nyongeza ni bure kwa matumizi binafsi na ya masomo tu, kampuni inapaswa kulipa.

Hyper-V ni mwenyeji mzuri kuliko watu wa Linux wanavyokubali kusema. Wageni wanajiwasha wenyewe bila mtu kuingia, inatulia, na kama ofisi imeshalipia Windows Server Standard, leseni hiyo inaruhusu mashine pepe mbili za Windows Server ndani yake. Shida ni kwamba haipo kwenye Windows Home, na ile ya seva ya bure iliishia toleo la 2019. Sasa wengi mtaani wanaweka Windows Pro iliyowashwa kwa dawa ya kienyeji, halafu juu yake wanapandisha hesabu za kampuni nzima. Mwenyeji ndiye anayeshika funguo za wageni wote. Sitaki kuwa fundi niliyeiweka hiyo.

VMware sina ugomvi nayo kiufundi. Ndio waliotufundisha wengi. Ila Broadcom walikamilisha kuinunua Novemba 2023, Februari 2024 toleo la bure la ESXi, mfumo wao wa seva, likaondolewa, Aprili 2025 likarudishwa. Workstation Pro, programu yao ya kuweka juu ya Windows au Linux, wameiachia bure, hata kwa biashara, tangu Novemba 2024, na kwa laptopu yenye RAM ya kutosha ni nzuri kuliko VirtualBox, ukivumilia kujiandikisha kwenye tovuti yao ndipo upakue. Kwa seva ya mteja ninayetaka imtumikie miaka, mlango unaofungwa na kufunguliwa hivyo unanitia wasiwasi.

XCP-ng ya Wafaransa wa Vates ipo, inategemea Xen, injini nyingine ya mashine pepe, ni imara. Ila kwa mashine moja tu dukani inakudai uweke mgeni mwingine wa kuisimamia vizuri. Nimeipita.

Anayebaki ni yule mwenye laptopu ya GB 8 niliyemwambia ahamie Linux, na kwake nina jibu moja: Linux Mint au Debian yenye eneo la kazi, kisha virt-manager, programu ya kusimamia mashine pepe. Injini ni ileile KVM ya Proxmox, ila hapa unabaki na kompyuta yako ya kuandikia barua na kuangalia mpira. Unasakinisha kwa amri moja ya apt, unajiongeza kwenye kundi la libvirt, unatoka na kuingia tena. Mtandao wa wageni unakuja tayari kwa NAT, anwani zinaanza na 192.168.122, kwa hiyo hata ukiwa na kile kirauta cha mfukoni wageni wanapata intaneti bila wewe kugusa kitu. Kwenye GB 8 unaweza kumpa mgeni wa Windows 10 GB 4 na bado kivinjari chako kikapumua. Juu ya Windows 11 nimejaribu hesabu hiyohiyo na laptopu ikawa ya kuotea moto, jambo ambalo mwezi wa Julai hapa Mbeya vijana hawakulilalamikia sana.

Faili la Proxmox na la Debian ninayo dukani, pamoja na ISO ya draiva za VirtIO. Ukipita Mafiati njoo na flashi yako ya GB 8 iliyo tupu, nitakunakilia bure, bando nilishalipa mimi. Ila ya draiva njoo na flashi ya pili, usiniombe nizichanganye kwenye moja halafu isiwake ukasema ni fundi.